Top Gear au The Grand Tour: bando la Lamu liende wapi?

Ubishi huu utausikia barazani Mkomani, utausikia Mokowe watu wakingojea basi la Mombasa, na ukivuka kwa boti utausikia tena: kati ya Top Gear na The Grand Tour, kipi kinachostahili pesa na bando la mtu? Wageni hushangaa. Mji ambao mtu aweza kuzaliwa, kuoa na kujukuu bila kushika usukani, umepata wapi mashabiki wakali hivi wa vipindi vya magari? Mji wa Kale wa Lamu, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, ulijengwa kwa kipimo cha punda mwenye shehena, na hata pikipiki zilizojipenyeza siku hizi hazijapata adabu ya vichochoro vyake. Mimi naona sababu ni hiyo hiyo. Asiyemiliki gari halioni gari kama deni la benki na foleni ya mafuta. Analiona kama mchezo, na wale wazee watatu wa Kiingereza walilichezea vizuri kuliko mtu yeyote kwenye runinga.

Jibu langu nalitoa mapema, asiye na muda alichukue aende zake: kwa kicheko, Top Gear ya 2003 hadi 2014 haina mpinzani. Kwa kupatikana kihalali, yote, kwa mpangilio, ukiwa kisiwani na simu yako, The Grand Tour inaiacha mbali. Tatizo lote liko hapo katikati.

Kwanza tuondoe utata unaowafanya watu wabishane juu ya vitu viwili tofauti. Watangazaji ni wale wale: Jeremy Clarkson, Richard Hammond na James May. Top Gear yenyewe ni kongwe kuliko umaarufu wao, maana ilianza 1977 kama kipindi cha kawaida cha BBC cha kuwashauri wanunuzi wa magari, ikafungwa 2001, kisha Clarkson na mtayarishaji Andy Wilman wakaifufua Oktoba 2002 ikiwa na sura mpya. Makao yakawa uwanja wa zamani wa ndege wa Dunsfold, akapatikana dereva asiyesema neno wala kuonyesha uso aitwaye The Stig, na watu mashuhuri wakawa wanaletwa kukimbizana na saa ndani ya gari la bei rahisi, Suzuki Liana. May hakuwemo msimu wa kwanza, aliingia 2003. Machi 2015 BBC ilikataa kumwongezea Clarkson mkataba baada ya kumshambulia mtayarishaji mmoja, wenzake wakaondoka pamoja naye, Wilman naye akafuata. Wote wakahamia Amazon. The Grand Tour ikaanza Novemba 18, 2016, na safari yao ya mwisho ikatoka Septemba 13, 2024.

BBC haikufunga duka. Iliendelea na Top Gear nyingine, mara Chris Evans, mara Matt LeBlanc, mwisho Chris Harris, Paddy McGuinness na Freddie Flintoff, mpaka Flintoff alipopata ajali mbaya uwanjani Dunsfold Desemba 2022. Novemba 2023 BBC ikatangaza kwamba kipindi kinapumzishwa. Ile ya Harris na wenzake ina mambo mazuri, na Harris ni dereva hasa, lakini barazani haina wakili. Siwezi kuitetea peke yangu, kwa hiyo naipita.

Kuvipata

Hapa ndipo mashabiki wa Top Gear hupandisha sauti, kwa sababu wanajua wana kesi mbovu.

The Grand Tour yote iko mahali pamoja, Prime Video, huduma ya Amazon ya kutazama kwa intaneti. Amazon iliifungua huduma hiyo kwa nchi zaidi ya 200 Desemba 2016, Kenya ikiwemo, na kipindi hiki ndicho kilichokuwa chambo chenyewe. Unapata misimu mitatu iliyorekodiwa ndani ya hema mbele ya watazamaji, kisha safari ndefu zilizotoka mojamoja kuanzia Desemba 2019. Malipo yanataka kadi. Asiye na kadi ya benki anayo njia tangu 2022, Safaricom na Visa walipoleta GlobalPay: kadi isiyoshikika inayochota pesa kwenye M-Pesa. Bei ni ya mwezi kwa mwezi, na jambo ambalo wengi hawalifanyi ni hili: ukishalipa, nenda kwenye mipangilio ukafute malipo ya kujirudia. Utaendelea kutazama mpaka mwezi wako uishe, na hutashtukia pesa imekatwa siku ambayo hata simu hujaigusa.

Bando ni hesabu nyingine. Saa moja ya picha ya HD yaweza kumeza mpaka GB 3, na safari zile ndefu huenda saa moja na nusu hadi mbili. Fanya hesabu mwenyewe uone utakula nini kesho. Dawa yake iko ndani ya programu: chagua ubora wa chini, ambao kwenye kioo cha simu hauna aibu yoyote, na upakue badala ya kutazama moja kwa moja. Tafuta mahali penye Wi-Fi, hoteli ya rafiki Shela au ofisi ya mtu mwenye huruma, upakue usiku, utazame nyumbani. Ila ukianza kutazama ulichopakua kimalize, kwa kawaida una saa 48 kabla hakijajifunga. Faida ya pili ni maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Clarkson anapomsimanga mwenzake kwa kasi huku upepo ukivuma na injini ikilia, hata mwalimu wa Kiingereza huhitaji msaada.

Top Gear ni kama samaki wa mnada: ukikuta umekuta. Nyumbani kwake ni BBC iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama vipindi mtandaoni, na iPlayer ni ya walio Uingereza tu. Huku kwetu wengi waliijua kupitia dishi, hasa baada ya BBC Brit kuingia DStv mwaka 2015, na kwenye dishi huchagui. Leo watakuonyesha kipindi cha 2006, kesho cha 2012, keshokutwa marudio ya leo. Zaidi ya hapo, unachokipata nje ya Uingereza mara nyingi si kile walichokiona Waingereza. BBC kwao haina matangazo ya biashara, kwa hiyo kipindi kilikuwa cha saa nzima. Kikiuzwa kwa stesheni zenye matangazo, hupunguzwa. Muziki nao: BBC ina mikataba inayoiruhusu kupiga karibu wimbo wowote hewani kwao, lakini mikataba hiyo haifuati kipindi kikigeuka DVD au kikivuka mipaka, basi nyimbo hutolewa na kuwekwa nyingine zisizo na ladha. Anayesema "mimi nimeiona Top Gear yote" huenda kaona robo tatu yake, na kwa muziki wa lifti.

Cha bure na cha halali ni chaneli rasmi ya Top Gear kule YouTube. Vipande vya dakika chache, vimekatwa vizuri, na kwa kweli baadhi ya vipande hivyo ndivyo kipindi chenyewe kilipokuwa bora. Kuna wanaojaziwa misimu yote kwenye flashi dukani, na kuna wanaotumia VPN, programu ya kuficha uko nchi gani, kuidanganya iPlayer. Sina haja ya kumfundisha mtu hayo. Nitasema tu kwamba ya kwanza ni wizi wa hakimiliki, ya pili inavunja masharti ya BBC, na flashi za duka huja na virusi kwa bei ile ile.

Kicheko

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe, na nianze na Hilux.

Mwaka 2003 walichukua Toyota Hilux ya dizeli ya mwaka 1988, iliyokwisha kutembea zaidi ya kilomita 300,000, wakaamua kuiua. Waliigongesha mti, wakaishusha ngazi za Bristol, wakaifunga ufukweni maji yakajaa yakaifunika na kuikokota, wakaiangushia karavani, wakaipiga kwa tufe la chuma la kubomolea nyumba, wakaitia moto. Fundi aliruhusiwa vifaa vya kawaida tu, bila kipuri. Ikawaka. Mwishowe waliipandisha juu ya jengo la ghorofa lililokuwa linabomolewa kwa baruti, jengo likaanguka, wakaifukua kwenye kifusi, na ikawaka tena. Mwana wa Lamu anayejua maji ya chumvi yanavyoifanya injini hahitaji kuelezwa maana ya gari kulala chini ya bamvua kisha likaguruma. Kipande hiki kiko YouTube, hakifiki hata bei ya kikombe cha kahawa tungu, na The Grand Tour, kwa mamilioni yake yote, haikuwahi kutengeneza kitu kama hicho.

Kwa nini? Fundi mmoja wa injini za boti kule Langoni ana jibu lake, na huligombania na mpwawe anayesoma chuo Mombasa kila akirudi likizo.

"Mjomba, wewe waipenda ile kwa kuwa ilitangulia tu."

"Mwanangu, naipenda kwa kuwa pale gari linaharibika. Huku kwa Amazon gari linaharibishwa."

Kuna ukweli ndani yake. Kanuni iliyoibeba Top Gear ilikuwa umaskini wa kutengenezwa: chukua pauni chache, nunua gari kuukuu, kutaneni mahali pabaya. Botswana mwaka 2007 walikatiza uwanda wa chumvi wa Makgadikgadi wakiwa na Lancia Beta, Mercedes 230E na Opel Kadett ndogo ambayo Hammond aliipenda hata akaiita Oliver, na alipoizamisha mtoni uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Hakuna mwandishi wa maneno anayeweza kuandika uso ule. The Grand Tour ilipoanza ilikuwa na pesa nyingi, na pesa nyingi hupenda kuonekana: ndege zikipita juu ya jangwa la California, hema likihamishwa kutoka Johannesburg hadi Lapland, mzaha wa kuua wageni mashuhuri kabla hawajafika hemani, ambao ulichekesha mara ya kwanza na kuchosha mara ya tatu. Msimu wa kwanza nauona kama wa kurukwa, isipokuwa safari ya Namibia.

Lakini mpwa naye hupiga panapouma. Humkumbusha mjomba kesi ya Tesla. Mwaka 2008 Top Gear ilionyesha Tesla Roadster ikisukumwa kwenda kuchajiwa. Kampuni ikasema gari halikuwa limeishiwa umeme hata kidogo, ikaishtaki BBC mwaka 2011. Tesla ilishindwa, na rufaa yake ikatupwa 2013, lakini katika ubishi huo ilidhihirika kwamba mambo mengi ya Top Gear huandikwa kabla ya kamera kufika. "Basi na huko ni kuharibishwa vilevile, mjomba." Mjomba hunyamaza, hunywa kahawa, hubadilisha mada.

Mimi naona tofauti si uongo na ukweli. Wote wanaigiza. Tofauti ni kiasi cha nafasi walichokiacha kwa bahati. Na hapo The Grand Tour ilijirekebisha ilipolitupa hema. Kuanzia Desemba 2019 wakabaki na safari tu, na ya kwanza haikuwa hata na gari: Clarkson kwenye mashua ya doria ya kivita, Hammond kwenye boti ya mwendo kasi, May kwenye boti ya mbao ya miaka ya 1930, wakitoka Kambodia kufuata maji ya Mekong hadi baharini Vietnam. Hii ndiyo ninayompa mtu yeyote wa Lamu kama mtihani. Manahodha wetu huitazama kwa ukali wa mahakimu. Wakifika pale mto unapokutana na bahari, mawimbi yakaanza kuwapiga, ukumbi wote huwa mahodari: punguza moto, mpe ubavu, usimpe ubavu! Woga unaouona pale ni wa kweli.

Ile iliyotoka Desemba 2020 nayo ni ya bahari yetu hii hii, Bahari ya Hindi: Réunion kisha Madagaska, wakitafuta hazina ya maharamia. Kisa cha hazina ni kisingizio dhaifu, usikitilie maanani. Tazama barabara. Clarkson ana Bentley, May ana Caterham inayogusa chini kwa tumbo, Hammond ana Ford Focus iliyovalishwa minyororo kama ya kifaru cha vita, na barabara ya kaskazini mashariki mwa Madagaska inawafanya wote watatu waongee lugha ambayo abiria wa zamani wa barabara ya Garsen kuja Lamu, kabla ya lami, wangeielewa bila mkalimani.

Kisha kuna Msumbiji, ya msimu wa pili, Februari 2018. Kazi ni kubeba samaki kutoka pwani kupeleka bara katika mji uitwao Bingo, Clarkson kwa pikapu ya Nissan, May kwa Mercedes ya zamani, Hammond kwa pikipiki. Waingereza waliitazama kama kichekesho. Wachuuzi wa samaki wa hapa, ambao huwaza barafu kabla ya kuwaza samaki, waliitazama kwa uchungu wa kitaalamu: nani hufunga tenga namna hiyo? Ni mojawapo ya chache ambazo nadhani zinachekesha zaidi huku kuliko huko zilikotengenezwa.

Upande wa Top Gear jibu ni safari ya Machi 2013 ya kutafuta chanzo cha mto Nile, kupitia Uganda, Rwanda na Tanzania. Magari ni BMW, Volvo na Subaru Impreza, yote ya familia yenye buti refu. Kijana wa Kenya akiona Impreza ya Hammond ikiteseka kwenye tope hawezi kukaa kimya. Hilo ni gari la heshima huku. Kenya hawakufika, na wapo wasiowasamehe kwa hilo. Ukiniuliza ipi kati ya hii na ya Botswana, nitasema Botswana, kwa sababu ni fupi na haikurefushwa bure. Ile ya Nile ilikatwa vipande viwili ilhali kimoja kingetosha.

Jambo moja lazima litajwe kwa anayetazama na familia. Utani wao huvuka mpaka, na Top Gear ilivuka zaidi. Mwaka 2011 BBC ilibidi imwombe radhi balozi wa Mexico kwa maneno waliyosema kuhusu watu wake, na mwaka 2014 Ofcom, msimamizi wa utangazaji Uingereza, aliamua kwamba neno la kibaguzi lilitumika kwa makusudi katika safari ya Burma. Mtazamaji wa huku husikia mambo hayo kwa sikio tofauti na la London. Kuna mahali nimecheka, kuna mahali nimeizima. The Grand Tour za mwisho, kuanzia 2019, zina matusi ya kawaida mengi lakini dharau kwa wenyeji kidogo. Wazee wenyewe ndio wanaochekwa, magoti yao, miwani yao, usahaulifu wa May. Kwa kutazama na mama sebuleni bado hapana. Kwa kutazama na kaka zako, hakuna neno.

Basi kama una pesa ya mwezi mmoja tu na mahali pa kupakua, lipa Prime Video na anza na boti za Mekong, kisha Msumbiji, kisha Madagaska, na ile ya Mauritania ya Februari 2024 ikiwa bado una nafasi kwenye simu. Misimu ya hema itazame ukiwa mgonjwa. Kama huna pesa kabisa, YouTube: Hilux kwanza, halafu magari yaliyogeuzwa boti, ya 2006 na ya 2007, ile ya pili wakijaribu kuvuka mlango wa bahari kwenda Ufaransa na Clarkson akafika na pikapu ya Nissan. Kama nyumbani kuna dishi, acha king'amuzi kirekodi kila Top Gear inayopita na ufute za baada ya 2015 kwa imani yako.

Safari ya mwisho ya wazee hawa kwenye The Grand Tour, ile ya Zimbabwe, ihifadhi mpaka uwe umeshaiona Botswana ya 2007. Wanavuka mpaka na kuishia kisiwa cha Kubu, kwenye chumvi ile ile ya Makgadikgadi, na asiyeiona ya kwanza atashangaa kwa nini wazee watatu wanazima injini na kukosa la kusema. Botswana nzima haipatikani YouTube, ipo kwa vipande. Vipande vyenye Oliver vinatosha.